Rangi ya Kucha kwenye Gari la Watu

Majina yote ninayo. La yule kijana wa kaunta lilikuwa limeandikwa kifuani pake, la mama mwenye nyumba nilimwuliza mara mbili ili nisikosee, na hata la mbwa wa jirani yake ninalo. Hapa lakini sitaandika hata moja. Mtu akishalipata jina lako ameingiza mguu mmoja ndani ya nyumba, na mimi sijui nani atasoma haya. Shule niliacha darasa la nne. Ninaandika polepole, mjukuu wangu mkubwa ananisahihishia herufi, naye nimemwambia: herufi sahihisha, maneno yangu uniachie.

Nakaa Brussels, mtaa wa Schaerbeek, juu ya duka la mikate la Mturuki. Binti yangu anakaa Laeken na mume wake na watoto watatu: msichana wa miaka minane, mvulana wa miaka minne, na kitoto cha kike ambacho wakati ule kilikuwa hakijaanza kutembea. Wananiita Koko, kama watoto wote wa Kikongo wa Brussels wanavyowaita bibi zao. Kwetu Lubumbashi wangesema nkambo, lakini nimeacha kubishana.

Jumatano ni siku yangu. Shule za hapa zinafunga saa sita mchana siku hiyo, na binti yangu yuko kazini, anatunza wazee. Basi watoto wanashuka kwenye tramu na baba yao, wanapanda ngazi kwa kelele, nawapikia bukari, ugali wetu, na samaki, tunakula kwa mkono, na jioni mama yao anakuja kuwachukua. Siku nyingine nakaa dirishani nikiangalia watu wa tramu, nani kashuka na mfuko wa nani. Ukiniondolea Jumatano, umenibakizia dirisha tu.

Sasa binti yangu alikuwa ananung'unika muda mrefu. Ati nawatia watoto woga. Ati mvulana alikataa kupeana mkono na mwalimu wake kwa sababu Koko alisema usimpe mtu mkono usiojua umetoka wapi. Nilisema hivyo, ndiyo. Kwani uongo?

Alipokata tiketi za kwenda Bari, kule Italia, ili watoto waone bahari wakati wa likizo, mume wake hakupata ruhusa kazini. Akaniomba mimi nimsindikize. Nilifurahi mpaka aliponikalisha jikoni.

"Maman, sikia vizuri," akasema. "Tutaenda bien, tutarudi bien. Lakini ukianza kule kuangalia bantu na ile macho yako, alors, tukirudi batoto bataenda garderie kila mercredi. Nimeshauliza, nafasi iko."

"Macho yangu imefanya nini?"

"Macho yako inafunga bantu mu prison mbele juge afike."

Ati nafunga watu jela kabla hakimu hajafika! Nilitaka kucheka, nikaona yeye hacheki. Mercredi ni Jumatano yangu, na garderie ni mahali pa kulipa, wanawake wasiojulikana wanakaa na watoto wa watu wakiwapa biskuti. Nafasi ameshauliza. Hapo nikajua si maneno ya hasira. Nikamwahidi: nitafunga mdomo. Macho sikumwahidi, maana macho hayana mlango wa namna hiyo.

Kabla ya kwenda mbele, lazima nieleze habari ya sufuria, la sivyo hutaelewa nilichofanya.

Sisi akina mama wa Lubumbashi tulioko hapa tuna sufuria zetu za pamoja, zile kubwa za kupikia matanga na ndoa. Mtunzaji ni mimi, zinakaa kwenye stoo yangu ya chini. Kila moja nimeipaka nukta ya rangi ya kucha, nyekundu, chini ya tako lake, ili kwenye ukumbi isibadilishwe na ya watu. Na kila kovu la sufuria lina nukta yake pembeni. Anayekuja kuazima habebi na kuondoka. Naigeuza mbele yake, naweka kidole: "Hapa imebonyea. Unaona?" Anajibu, "Naona." "Shikio hili linacheza. Unaona?" "Naona." Kovu lenye nukta ni letu. Lisilo na nukta ni lako, na siku ya kurudisha unalitaja wewe mwenyewe kabla mimi sijainama. Ukingoja niinamie, hutapata sufuria tena, hata kama aliyekufa ni mama yako. Mama zetu walifanya hivyo kule, na sufuria za mama yangu zilimzika yeye mwenyewe zikiwa zote zipo.

Wasichana wa siku hizi wananitania: "Maman, ni sufuria tu, haiko mariage!" Nawajibu, ndoa nyingi zingepona kama watu wangegeuza sufuria kwanza.

Kwa sababu hiyo kichupa cha rangi ya kucha hakitoki kwenye mkoba wangu. Hata ndegeni kilipanda, ndani ya kile kimfuko cha plastiki wanachotaka wakione.

Tulishuka Bari mchana, jua linachoma lami. Kitoto nilikuwa nimekibeba mgongoni kwa kitenge, mvulana ananing'inia kwenye mkono wa mama yake, msichana anakokota sanduku ambalo gurudumu moja lilikuwa limegoma tangu Brussels. Gari binti yangu alikuwa amelikodi kwa simu. Alinionyesha picha: jeupe, pana, milango inang'aa. Nikamwuliza, umeongea na nani? Akasema hajaongea na mtu, amebonyeza tu. Nikakumbuka ahadi yangu.

Ofisi ya magari haikuwa uwanjani penyewe. Ilibidi kupanda kibasi kidogo kisicho na jina ubavuni, kinachoendeshwa na mtu aliyevaa miwani ya jua na asiyejibu salamu. Kikapita magodauni, kikapita uwanja wa matairi. Nikaanza kuhesabu kona ili nijue kurudi. Binti yangu aliniona midomo ikicheza.

"Maman."

"Niko nasali."

Kaunta ilikuwa na foleni ya Wazungu wekundu wenye jasho. Kijana aliyetuhudumia alikuwa na meno mazuri mno na alicheka kabla hajaambiwa kitu cha kuchekesha. Na alijua Kifaransa. Si cha shuleni, cha kwetu huku, na ile namna ya Wabelgiji ya kuhesabu sabini na tisini ikiwa humohumo. Nikashtuka. Mwitaliano wa Bari amekitoa wapi?

"Babu yangu alichimba makaa Charleroi, kwenu Ubelgiji," akasema, kana kwamba amenisikia. "Mama yangu alizaliwa kule. Basi sisi ni majirani, mamma!"

Kila anayetaka kukuibia huanza kwa kukutafutia undugu. Binti yangu naye akafurahi kama amekutana na shemeji, akamwaga paspoti zote tano juu ya kaunta. Zote! Yule akaanza kuzifungua moja moja na kusoma majina ya watoto kwa sauti, mbele ya foleni.

"Kila mtoto ana jina lake la ukoo?" akauliza. "Huyu si kama huyu, na huyu si kama wewe, madame."

Binti yangu akaeleza: kwetu mtoto anaweza kupewa jina la babu au la shangazi, majina hayavutwi kwa kamba moja kama kwenu. Mimi nilinyoosha mkono, nikazichukua paspoti tatu za watoto, nikazitia kifuani. Gari litaendeshwa na mtoto mchanga? Kijana akanitazama, akacheka tena.

Hapo ndipo mjukuu wangu wa kiume alipotundika kidevu kwenye kaunta na kuuliza kwa Kifaransa, sauti juu, foleni nzima isikie: "Koko, mwizi ni huyu?"

Binti yangu alifumba macho. Ni kweli nilikuwa nimewaambia watoto, kabla ya kupanda ndege, kwamba kule kutakuwa na wezi. Sikujua kama atawatafuta.

"Leo hapana, bwana mdogo," kijana akajibu. "Mwizi yuko likizo. Mimi namshikia zamu."

Foleni ikacheka. Binti yangu akacheka kwa aibu. Mimi sikucheka. Mtu akikiri kwa mzaha, amekiri.

Kisha akaingia kwenye habari ya assurance, yaani bima. Ile ya kawaida ipo, akasema, lakini gari likikwaruzwa, kioo kikipasuka, ni heri kuchukua ile kubwa. Njia za mji wa zamani ni nyembamba.

Nikamwambia binti yangu kwa Kiswahili, polepole: "Anajua namna gani kama itakwaruzwa?"

"Maman, banasemaka hivi ku kila muntu."

"Muntu anakuuzia nyumba, anakuambia na siku yenye itawaka moto?"

"Maman. Mercredi."

Neno hilo moja. Akalifanya breki yake safari nzima. Nikafunga mdomo, akachukua ile bima kubwa, akatia sahihi kwa kidole juu ya kioo cha mashine. Sahihi ya kidole! Hata sisi tuliotoka shule mapema tulishavuka huko.

Gari halikuwa jeupe. Lilikuwa la rangi ya majivu, dogo, limekaa mwisho kabisa wa uwanja karibu na ukuta, mahali ambapo mimi pia ningeweka kitu nisichotaka kitazamwe. Binti yangu akauliza habari ya lile la picha. Kijana akasema picha ni mfano, hili ni ndugu yake. Ndugu tena. Akampa ufunguo, akazunguka gari mbio mbio, akisema makovu yote yameandikwa kwenye mashine, msiwe na wasiwasi, akarudi kwenye foleni yake.

Msiwe na wasiwasi. Neno hilo nimelisikia maishani mwangu mara nyingi, na kila mara nilikuwa nao baada ya hapo.

Nikainama. Mama wee. Mlango wa nyuma una mkwaruzo mrefu. Bampa limebonyea kwenye kona. Rimu za magurudumu zimetafunwa kama mhogo uliopitiwa na panya. Binti yangu alikuwa ndani, anapigana na mikanda ya viti vya watoto, kitoto kinalia, mvulana anataka maji. Ningemwita, angesema mercredi. Ningenyamaza, siku ya kurudisha yule wa meno mazuri angezunguka na kusema: hiki, madame, ni chako. Makovu yameandikwa kwenye mashine, lakini mashine ni ya nani?

Nikafungua mkoba.

Mjukuu wangu mkubwa, ambaye Jumatano hunishikia tochi kule stoo, alielewa bila kuambiwa. Akanyanyua kitenge changu kisiguse lami. Nikaweka kidole, nikasema, "Hapa imekwaruzwa. Unaona?"

"Naona, Koko."

Nukta. Ndogo tu, kama punje ya mtama.

"Hapa imebonyea. Unaona?"

"Naona."

Tukazunguka gari zima namna hiyo. Mwisho nikapiga nukta moja chini ya bampa la nyuma, ile ya kuzuia wasilibadilishe usiku. Nilipofunga kichupa, moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu tushuke ndegeni.

Binti yangu hakuona kitu mpaka tulipofika. Nyumba tuliyopanga ilikuwa kwenye mji wa zamani, gari linaachwa kwenye kiwanja cha kanisa karibu na hapo. Alishuka, akazunguka kufungua buti, akasimama.

"Gari iko na tetekuwanga?" akauliza.

Akainama, akagusa nukta kwa kucha yake. Kisha akaniangalia mimi, akaangalia mkoba wangu.

"Maman. Umepaka gari ya bantu vernis?"

"Karibu na makovu tu. Mahali pazima sikugusa."

"Maman! Haiko sufuria!"

"Ndiyo maana. Sufuria ningenunua nyingine."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alitoa masanduku, akayapanga chini, akasema kwa sauti ya upole kabisa, kama anayezungumza na wale wazee wa kazini kwake: "Bon. Tukirudi nitaita garderie." Msichana akatazama viatu vyake. Mimi nikachukua kitoto, nikakibeba, nikakaza kitenge kuliko kawaida.

Mwenye nyumba alitufungulia mlango. Mwanamke wa umri wangu, mfupi, miwani imefungwa kamba shingoni, na jicho lililotupima sote kuanzia viatu. Nilimwona jinsi alivyoangalia mikono ya mvulana, kama iko safi. Hakutupa karibu nyingi. Alitupeleka moja kwa moja jikoni, akafungua kabati, akatoa sahani. Akaishika mbele ya uso wa binti yangu, akaweka kidole kwenye ukingo uliomeguka, akasema neno lao: "Visto?" Na akavuta ngozi chini ya jicho lake ili tuelewe: umeona?

Binti yangu akatikisa kichwa kwa heshima. Mwanamke hakuridhika. Akatoa glasi yenye ufa. "Visto?" Akatoa birika la kahawa ambalo shikio lake limeungua. "Visto?"

Nikasogea mbele. Nikainua lile birika, nikaligeuza, chini yake nikakuta limebonyea, mahali ambapo hata yeye hakutaja. Nikaweka kidole.

"Visto?" nikamwuliza mimi.

Akavaa miwani. Akatazama. Akanitazama mimi, akasema, "Visto," na akakohoa kicheko kidogo ambacho hakikufika mdomoni. Tukamaliza kabati zima, mimi na yeye, bila lugha. Msichana wangu alikuwa nyuma anasema "naona, naona," kama padre msaidizi. Binti yangu alisimama mlangoni na mfuko wa nepi mkononi. Sijui alifikiri nini. Hakusema mercredi.

Bahari waliiona. Mvulana aliikimbilia, ikamkimbilia, akarudi akilia kwamba inamfuata. Mimi nilikaa kwenye taulo kulinda mikoba. Hakuna aliyeiba kitu. Siku ya kwanza nilidhani wanatuzoeza tu. Wanawake wa mtaa ule wanakaa nje ya milango yao wakikata unga kuwa vipande vidogo kama masikio, wanavianika juu ya mbao, na wapita njia wanapita bila kuchukua hata sikio moja. Niliangalia sana. Ama ni watu waaminifu ama wanajuana.

Nilikuwa na kazi nyingine moyoni: kuzitoa zile nukta. Nilijaribu na mate, nilijaribu na mafuta ya zeituni ya yule mama, hazikusogea. Dawa ya kutolea rangi ya kucha nilikuwa nayo, ila niliogopa itaondoka na rangi ya gari pia, halafu hapo ndipo tungekuwa wezi kweli. Nikaziacha. Usiku nilifikiria Jumatano isiyo na ngazi kupigwa. Nilijiambia nitanunua redio.

Siku moja kabla ya kurudi, binti yangu alikuwa analitoa gari kwenye njia nyembamba nyuma ya soko. Nilikaa mbele, kitoto kimelala nyuma. Ukuta ulikuwa karibu, nikasema, "Pole pole upande wangu." Akajibu, "Naona, Maman." Kisha tukasikia sauti, kama kisu juu ya sufuria kavu. Krrrr. Akakaza usukani, akaendelea. Tukafika nyumbani. Alipoegesha, nilishuka na kuangalia. Chini ya kioo cha pembeni, mlangoni kwangu, mkwaruzo mweupe, mpya, mrefu kama kiganja. Yeye naye aliangalia. Tukaingia ndani.

Asubuhi ya mwisho, watoto wanavalishwa viatu, alinijia kwenye kona ya jikoni. Alikuwa anazungusha pete kidoleni, kama alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

"Maman," akasema. "Ile bouteille ya vernis iko wapi?"

Nilielewa palepale. Nukta zilikuwa nyingi, nyekundu, zote za mkono mmoja. Nani angejua kwamba moja ilizaliwa jana? Na nilielewa kingine pia. Kama ningekitoa kichupa na kumpa, tungekuwa wawili kwenye siri moja, na mtu huwezi kumnyang'anya Jumatano yake wakati mna siri moja. Jumatano ilikuwa mkononi mwangu. Kichupa kilikuwa kwenye mkoba, mkoba ulikuwa begani.

"Iko," nikasema.

"Alors?"

"Alors hapana. Ile haiko kovu yabo. Iko yetu."

"Maman, ni weye mwenyewe ulisema ule monsieur ni mwizi."

"Nilisema. Akiwa mwizi, ni mambo yake. Vernis ni yangu."

Alinitazama kwa hasira ya kweli. "Sijapata kukuelewa hata siku moja," akasema, akaenda kufunga mkanda wa kiatu cha mtoto ambao ulikuwa umeshafungwa.

Mama mwenye nyumba alikuja kupokea funguo. Akafungua kabati, akageuza sahani zake. Glasi moja mvulana alikuwa ameivunja. Kabla hajaikosa, niliweka vipande mbele yake juu ya gazeti na kujiwekea kidole kifuani: ni sisi. Akavifunga vile vipande kwenye gazeti, akavitupa, akanipa mfuko wa yale masikio ya unga yaliyokauka. Nikaufungua na kuangalia ndani kwanza. Hakuchukia. Yeye pia angefungua.

Kwenye uwanja wa magari alikuwepo yuleyule, na meno yake yote. Alikuja na mashine yake mkononi, akaanza kuzunguka. Alifika kwenye nukta ya kwanza, akainama. Akafika ya pili. Akaita mwenzake kwa Kitaliano, wakainama wote wawili, wakanyooshea vidole. Binti yangu alikuwa amesimama na kitoto mikononi.

"Madame, hii ni nini?"

Msichana wangu mkubwa ndiye aliyejibu, kwa Kifaransa chake cha shule: kila nukta ni kidonda cha zamani, Koko amevihesabu ili mtu asitudanganye, na chini ya bampa kuna nukta nyingine ili msitubadilishie gari.

Kijana aliniangalia. Nikamwangalia. Akapiga magoti kabisa, akachungulia chini ya bampa, akaikuta. Akapangusa suruali yake.

Alikuwa hajafika bado upande wangu. Nikamtangulia. Nilizunguka mbele ya gari, nikasimama kwenye mlango wangu, nikaweka kidole chini ya kioo cha pembeni.

"Hii haina nukta," nikasema kwa Kifaransa changu kibovu. "Hii ni yetu. Unaona?"

Nyuma yangu nilisikia binti yangu akivuta pumzi.

Kijana aliinama akatazama, akabonyeza bonyeza mashine yake. Nilingoja atangaze msiba. Akasema tu, bila kuinua kichwa: "Mna ile bima kubwa. Imeisha hiyo." Kisha akaikwangua nukta moja kwa ukucha wa kidole gumba, ikabanduka nusu. "Hizi wenzangu wa kuosha watazitoa. Au tutaziacha. Zimetusaidia, mbili hazikuwepo kwenye mashine."

Ile bima niliyoinung'unikia! Lakini mpaka leo najiuliza: yale makovu mawili yasiyokuwepo kwenye mashine, kama nisingeyapaka, angeyafanya ya nani? Alinipa mkono wa kwaheri. Niliutazama kwanza, kisha nikampa wangu. Mvulana akaniona, naye akampa wake.

Ndegeni kitoto kililala juu ya kifua cha binti yangu, yeye akatazama kiti cha mbele. Brussels mvua ilikuwa inanyesha. Mume wake alikuja kuwachukua, mimi wakanishusha Schaerbeek, mkwe wangu akanibebea sanduku mpaka mlangoni. Binti yangu alibaki garini. Aliniinulia mkono nyuma ya kioo. Hakusema tutaonana lini.

Siku zilizofuata sikumpigia. Niliogopa nikimpigia ataniambia habari ya garderie. Shule zilipofunguliwa, Jumatano ya kwanza, sikupika. Ningepikaje bukari ya watu wanne na kuila mimi? Nilikaa dirishani. Tramu ikapita, ikashusha mwanamke na mfuko wa vitunguu. Nyingine ikapita. Nikasema basi, wameshafika huko, wanapewa biskuti.

Nikasikia ngazi.

Haikuwa baba yao. Alikuwa binti yangu mwenyewe, amevaa nguo za kazi, anahema, kitoto kiunoni, wengine wawili mbele. Nilifungua mlango kabla hajagonga. Nikasogea pembeni waingie, ila yeye aliwashika mabega, akawazuia kwenye kizingiti.

"Ngoja, Maman," akasema. Hakuwa anacheka. Akamgeuza mvulana, akaweka kidole chini ya goti lake. "Huyu alianguka jana ku masomo. Hapa. Unaona?"

"Naona."

Akamwinua kidevu msichana. "Huyu ana kikohozi, na jino hili linacheza. Unaona?"

"Naona."

Akakitoa kitoto kiunoni, akakigeuza kama unavyogeuzwa mkate, akanionyesha upele mdogo nyuma ya sikio. "Na huyu, hapa. Haikuwa weye, ilikuwa tangu juzi. Unaona?"

Nilivaa miwani yangu, nikainama, nikatazama vizuri. Niliangalia na sikio la pili, ambalo hakulitaja. Lilikuwa zima.

"Naona," nikasema, nikampokea.